Mgeni Haonyeshwi Jasho

Nani alipeleka jina la dada yangu?

Nilizunguka na swali hilo msimu mzima wa maembe na sikupata jibu. Simu ilipigwa asubuhi, tukiwa tumeketi kwenye uwanja wa jirani yetu, wanawake wa kikundi na mimi, tukimenya maembe ya ngowe. Vidole vya dada vilikuwa vimejaa utomvu, kwa hivyo aliibonyeza simu kwa kifundo cha kidole na kuiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti ikasikika kwa wote. Mwanamke alisema anapiga kutoka Nairobi. Alisema jina la dada limependekezwa kwa tuzo ya wajasiriamali chipukizi wanaojali jamii, na kwamba wangependa kuja kututembelea.

Visu vilisimama.

"Limependekezwa na nani?" niliuliza, kabla hata dada hajajibu salamu.

"Samahani, naongea na nani?"

"Huyo ni mdogo wangu," dada akasema. "Msamehe. Endelea tu, madam."

"Kwa kawaida hatuwataji wanaopendekeza."

Hapo ndipo nilipoanza kunusa utapeli. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia na sikuwa na kazi. Kitu kimoja nilichotoka nacho darasani, ambacho hakuna mwajiri aliyekihitaji, ni tabia ya kuuliza kila jambo linamfaidi nani. Tuzo nilizijua. Unapokea ujumbe kwamba umechaguliwa miongoni mwa walio bora, unapiga magoti kumshukuru Mungu, halafu unaambiwa ulipie meza ya chakula cha jioni na fremu ya cheti. Nilingoja waombe ada ya usajili. Hawakuomba. Hilo lilinisumbua zaidi. Tapeli anayeomba pesa mapema namwelewa. Huyu anayekuita kwa jina na kukupongeza, halafu haombi kitu, anataka nini?

Hata yale maneno yenyewe sikuyaamini. Mjasiriamali anayejali jamii. Maana yake kuna tuzo nyingine ya wale wasioijali?

Dada alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya kibinafsi mjini Machakos. Aliacha kazi hiyo kwa ajili ya maembe yanayooza. Kwetu, kwenye vilima vya Kathiani, broka huja na lori lake, huchagua maembe yanayompendeza, makubwa yasiyo na doa, na yaliyobaki huachwa chini ya miti. Mwezi wa Januari harufu ya maembe yaliyooza huingia hadi kwenye matandiko. Nilikua nikidhani ndiyo harufu ya Januari kila mahali. Sasa wanawake wa kikundi waliyaokota hayo yaliyokataliwa, wakayakata vipande vyembamba na kuyakausha kwenye vichanja vya mbao vilivyofunikwa kwa wavu na nailoni. Ni nani hasa aliyesema kwanza, tuyakate tuyakaushe? Hakuna aliyejua, au waliojua hawakusema.

Hawakusema kwa sababu kazi ilikuwa ya mwethya. Ndivyo mama zetu walivyochimba matuta ya mashamba, na mama zao kabla yao: leo kwako, kesho kwangu, mwenye boma apike, wengine wafanye kazi. Safari hii badala ya majembe tulishika visu, basi. Na katika mwethya hakuna anayesema mimi ndiye niliyefanya. Ukisema hivyo hawakugombezi. Wanacheka kidogo tu, na kicheko hicho kinakufuata hadi kanisani.

Lakini vichanja vilikuwa vidogo na jua halikuwa la kuaminika. Wingu likipita siku mbili, vipande vinageuka rangi. Maduka makubwa ya mjini yalikuwa yameonja na kusifu, kisha yakauliza muhuri wa ubora, na hakuna aliyejua unaanzia wapi kuutafuta. Mwalimu mkuu wa shule ya dada alikuwa bado amemwekea nafasi yake, ila alitaka jibu kabla ya muhula wa pili kufunguliwa. Baba alikuwa ameshamjibia.

"Nilikusomesha ualimu," alimwambia mezani, bila hasira, "wewe ukaenda kushindana na nzi."

Dada alikuwa amekubali, kwa ule ukimya wake, kwamba msimu huu ukiisha bila kikaushio kikubwa na bila mtu wa kutuonyesha njia ya ule muhuri, atarudi darasani. Wanawake walijua hivyo. Walijua pia kwamba akirudi Machakos mjini, hakuna mwingine wa kuzungumza na maduka, na vichanja vitakuwa viota vya kuku. Washindi wa tuzo, yule mwanamke wa simu alisema, wangepata kikaushio na mwaka mzima wa mwongozo. Ilikuwa kana kwamba mtu amesikia mazungumzo ya mezani kwetu akayapeleka Nairobi.

Basi mtu huyo ni nani? Nilianza na mchungaji, kwa kuwa yeye hupenda kuandika barua.

"Mimi napeleka watu kwa Mungu," alisema. "Nairobi wanajipeleka."

Nikamwendea broka siku ya soko kule Masii. Nilimkuta ameegemea lori lake akila mahindi ya kuchoma. Niliwaza labda anataka kutujua vizuri, apate kutumeza.

"Mimi nimpendekeze mtu anayeokota maembe yangu?"

"Uliyoyakataa."

"Niliyoyakataa ni yangu kwanza, halafu nikayakataa." Alicheka. "Hiyo tuzo inapeanwa wapi, mwiitu, msichana wetu? Ningejua, ningepeleka jina langu."

Nilicheka pia, kwa dharau. Nani hujitaja mwenyewe? Nilimwona mtu asiye na haya, nikamfuta kwenye orodha ya washukiwa, kwa kuwa mtu wa namna hiyo hawezi kukumbuka jina la mwingine.

Siku ya wageni ilipokaribia, mama alichukua uongozi bila kuombwa. Wageni wangefikia kwetu. Kazi ikasimamishwa. Uwanja ulifagiliwa hadi ukabaki na mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Vichanja vilibebwa, vikiwa na maembe yaliyokatwa jana yake, vikapangwa nyuma ya ghala na kufunikwa kwa turubai zito. Ndoo za maganda zilifichwa zizini. Wanawake walitoa sare zao za kwaya.

Mimi nilisaidia kubeba vichanja kwa moyo mmoja. Nilikuwa na sababu zangu: ikiwa wanakuja kuiba jinsi tunavyofanya, wasione kitu. Dada peke yake ndiye aliyesitasita. Alisimama nyuma ya ghala, ameshika ncha ya turubai.

"Mama, tuache kimoja tu waone."

"Waone nini?"

"Kazi."

Mama alimtazama kama mtu aliyeombwa atandike nguo chafu mezani. "Mgeni haonyeshwi jasho," alisema. "Anaonyeshwa kiti."

Dada aliachilia turubai. Nilifikiri amechoka.

Walikuja wawili, na dereva. Kijana mwenye ndevu zilizokatwa vizuri, amebeba kishikwambi, na mwanamke wa makamo mwenye viatu vya michezo, ambaye sauti yake niliitambua mara moja kutoka kwenye ile ndoo. Waliimbiwa kuanzia langoni. Waliketishwa kwenye makochi yaliyotolewa nje na kutandikwa vitambaa vya kufuma. Wakaletewa maji ya kunawa, kisha muthokoi wa mahindi na maharagwe, kuku, chapati, soda.

Kijana alikula kidogo akaanza kuangaza macho.

"Tungependa kuona shughuli yenyewe," alisema. "Maembe."

"Kula kwanza," mama alimwambia. "Huyu kuku alikuwa anakungoja wewe."

"Asante, mama, nimeshiba."

"Umeshiba na mfupa bado uko na nyama? Kwenu wanakula aje?"

Wanawake wakacheka, akaongezwa chapati. Baadaye alijaribu tena.

"Kwa hivyo hapa ndipo mnapokaushia?"

"Tunakaushia kila mahali," mmoja alisema kwa upole.

"Leo hamkaushi?"

"Leo tuko na wageni."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba Jumapili watu huenda kanisani. Kijana aliandika kitu kwenye kishikwambi. Nilijaribu kusoma kwa pembeni, akakigeuza.

Yule mwanamke alikuwa hajaongea sana. Aliweka sahani chini. "Mwanzilishi ni nani?" aliuliza.

Mwanamke mmoja alimwelekezea kidole aliyeketi kando yake, naye akamwelekezea wa tatu, na wa tatu akamwelekezea mama, ambaye hajawahi kukata hata embe moja kwa kuwa kisu humtia ganzi ya vidole. Dada alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni ameshika kreti ya soda. Mgeni alimtazama.

"Si wewe?"

"Ni sisi wote, madam."

"Lakini jina tulilo nalo ni lako."

"Ni la wote tu."

Hapo sikuvumilia. Nilisimama. "Hilo jina mlipewa na nani?" niliuliza. "Maana sisi hapa hakuna aliyelipeleka. Mtu anapokuja kwa watu aseme ametumwa na nani."

"Wewe," mama alisema chini chini, "keti."

Mwanamke yule hakukasirika. Aligeuka akamtazama dada, mtazamo mfupi, halafu akanitazama mimi. "Hilo hatusemi," alisema. "Ni ahadi tunayompa kila anayeleta jina."

Mtazamo ule niliubeba kwa muda mrefu. Nilijihakikishia, ndani ya kichwa changu, kwamba kuna jambo kati yake na dada ambalo dada mwenyewe halijui. Labda wameshamwahidi mtu vichanja vyetu. Labda picha zake ziko tayari kwenye bango fulani.

Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Mwala, na dereva akasema barabara yetu ikilowa gari halitapanda. Wageni wakainuka. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Wanawake waliwaletea jogoo aliyefungwa miguu na gunia la maembe. Maembe mabichi, makubwa, mazuri, yale ambayo broka angeyapigania. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kuwapa yaliyokaushwa. Yaliyokaushwa yalitokana na mabaki, na ni nani humpa mgeni mabaki? Gari likashuka mlima, jogoo akilalamika kwenye buti, na waamuzi waliokuja kwa ajili ya maembe makavu walikuwa hawajaona embe kavu hata moja.

Wanawake walirudi wakikumbatiana. "Wamefurahi," walisema. "Yule kijana amekula chapati nne."

Nilimkuta dada nyuma ya ghala. Alikuwa amefunua turubai. Chini yake joto lilikuwa limejifungia siku nzima, vipande vimetoa jasho, vimeshikana, na kwenye kingo kulikuwa na ukungu mweupe kama unga. Aliinua kimoja, akakinusa, akakirudisha.

"Ni afadhali hawakuona," nilimwambia. "Wale si watu wa kuamini."

"Wangeamini nini?" aliuliza. "Tumewaonyesha kuku."

Hakuwa akilia. Alikuwa na uso ambao nilikuwa sijawahi kuuona kwake, uso wa mtu aliyejikwaa mbele ya watu. Alianza kuyatupa yale maembe kwenye ndoo ya ng'ombe, kichanja baada ya kichanja, na hakuniomba nimsaidie.

Asubuhi alipiga simu. Nilikuwa jikoni nikamsikia kupitia dirishani, akiongea kwa sauti ya mtu anayesoma kitu alichokikariri.

"Madam, jana hamkuona kazi. Kosa si lenu. Nawaomba mrudi." Akasikiliza. "La, msitupigie simu. Mkisema mnakuja watafagia tena."

Nilitoka nje. "Tangu lini wewe unaomba?"

"Tangu leo," alisema, akaenda kunawa uso.

Nilishangaa, na nikaongeza jambo hilo kwenye shuku zangu. Dada yangu ni mtu ambaye akikosa chumvi hula bila chumvi kuliko kwenda kwa jirani. Niliona wamekwisha kumshika.

Yule mwanamke alirudi peke yake, wiki iliyofuata, bila kutangaza. Siku hiyo mwethya ulikuwa kwa mjane mmoja upande wa chini wa mlima. Alitukuta wote tumeketi kwenye magunia, mjane amevaa leso iliyotoboka, maganda yametapakaa, nzi wakituzunguka. Mama, aliyekuwa amekuja kusaidia kupika, alisimama na mwiko mkononi kama mtu aliyekutwa anaoga.

"Madam, si ungetuambia."

"Niliambiwa nisiwaambie."

Mama alimgeukia dada. Sikumbuki kumwona mama akimtazama yeyote kati yetu kwa muda mrefu hivyo. Halafu alirudi jikoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona mgeni akiingia bomani bila mtu wa kumwekea kiti.

Mwanamke alijiwekea gunia. Aliomba kisu. Alikata embe lake la kwanza, wanawake wakajizuia, na la pili, mmoja akashindwa.

"Madam, hiyo ni embe ama ni kuni?"

"Nifundishe basi."

"Usiipige. Ipitishe tu. Hujawahi kumnyoa mtoto?"

Alishinda nasi hadi utomvu ukamfika kwenye viwiko. Aliona vichanja, akaona kilichoharibiwa na wingu la juzi, akaonja kilichofaulu, akarudia kuonja. Kisha akauliza tena, bila kuinua macho kutoka kwenye kisu, ni nani alianza.

"Maembe yalianza kuoza yenyewe," alisema bibi mmoja, mkubwa kuliko wote. "Sisi tulifuata."

Watu wakacheka. Kicheko kilipopungua, dada alisema, "Kichanja cha kwanza nilikipigilia mimi."

Niliisikia sauti ya visu kwenye mbao. Nilingoja kile kicheko kidogo, kinachokufuata hadi kanisani, na kweli kilikuja, kutoka kona ya mbali. Lakini yule bibi alisema, "Na kilikuwa kimepinda," na kicheko kikageuka kuwa cha aina nyingine. Hakuna aliyesema si kweli.

Tuzo kubwa, ya jukwaa na kamera, ilikwenda kwa mtu wa kaunti nyingine. Sisi tulipewa kikaushio na ule mwaka wa mwongozo. Mkataba ulipokuja niliusoma sentensi kwa sentensi nikitafuta ndoana, na nikaipata, au niliamini nimeipata: kikaushio kilikuwa kimeandikwa kwa jina la dada peke yake. Nilipiga simu mwenyewe. Nilijiandaa kwa vita. Mwanamke yule alisema, "Una haki, tutaweka la kikundi," na ndani ya siku chache wakaweka. Nilibaki na maneno yote ya vita niliyokuwa nimeyapanga.

Dada alimjibu mwalimu mkuu kwamba harudi. Baba alisikiliza habari hiyo akiwa amevua kofia. "Haya," alisema. "Nitaitwa baba wa maembe." Msimu uliofuata ndiye aliyejenga kibanda cha kikaushio, akikataa kila ushauri wetu kuhusu upande wa kuelekeza mlango, na mlango ukawa upande usiofaa, na uko hivyo hadi leo.

Muhuri wa ubora ulipatikana, kwa taabu. Mimi nilipata kazi, nikaiacha, nikapata nyingine. Kila nilipokuja nyumbani niliuliza tena, kwa mzaha wa nje na uzito wa ndani: nani alipeleka jina? Mama alidhani ni mchungaji. Wanawake wengi walidhani ni mimi, kwa kuwa nilipiga kelele sana siku ile, na anayepiga kelele huwa anaficha kitu. Dada alikuwa akisema, "Si wamesema hawasemi?" na kuendelea na lililokuwa mkononi mwake.

Mwaka jana nilimsindikiza Masii siku ya soko. Kando ya meza yake huketi mwanamke kijana anayeshona vikapu kutokana na magunia ya zamani ya saruji, na ameajiri wasichana walioacha shule. Tuzo ile ile ilikuwa imetangazwa tena na dada alimwambia ajaribu.

"Nani atanipendekeza?" alisema yule mshonaji. "Mimi simjui mtu mkubwa."

"Si lazima awe mkubwa."

"Basi nani? Siwezi kujitaja mwenyewe, dada. Watu watasema nini?"

Dada alikuwa akipanga pakiti za maembe, za manjano mbele, za rangi iliyokolea nyuma. Hakunitazama. Nadhani alikuwa amesahau kwamba nipo, au alikuwa ameamua kwamba nipo.

"Hakuna anayejua," alisema. "Mimi langu nililipeleka mwenyewe, pale cyber ya stendi, halafu nikarudi nyumbani nikaketi na wengine kumenya."